Sabufa ya Nyumbani: Futi Kwanza, Pochi Baadaye

Mtu akitaka sabufa, yaani spika ya besi, ya sinema ya nyumbani, swali lake la kwanza kwangu ni la wati. La kwangu kwake ni la futi: chumba kina urefu gani, upana gani, dari iko juu kiasi gani, na kochi linakaa wapi? Kazi yangu ni kufunga mifumo ya sauti majumbani, na kwa ninavyoiona mimi, chumba kina usemi mkubwa juu ya besi kuliko chapa iliyobandikwa mbele ya sanduku. Sabufa ya wastani iliyokaa mahali pake huipita ya bei ghali iliyosukumwa kwenye nafasi iliyobaki kando ya kabati la televisheni. Kwa hiyo tuanze na kuta. Dukani tutafika.

Kijue chumba chako

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Mlio wa hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, una wimbi fupi la sentimita 34. Ukishuka hadi hezi 80, wimbi linakuwa na urefu wa mita 4.3. Hezi 40 ni mita 8.6, na hezi 20, ambako mwili unahisi zaidi kuliko sikio linavyosikia, ni mita 17. Sebule ya mita 17 wanayo wachache. Wimbi refu namna hiyo halitoki kwenye sabufa likafika sikioni na kuishia hapo. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mengine yanayokuja, na kila yanapokutana ama yanaongezana ama yanafutana. Kochi likiwa pale yanapoongezana, besi inavuma mpaka inameza maneno ya waigizaji. Likiwa pale yanapofutana, utapandisha sauti mpaka jirani aje kugonga mlango, na wewe kwenye kiti chako bado unaitafuta besi.

Kuna hesabu fupi ambayo kila mwenye sabufa anapaswa kuifanya. Chukua 343, gawa kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 5 kinakupa hezi 34. Fanya hivyo hivyo kwa upana: mita 4 zinatoa hezi 43. Dari ya mita 3 inatoa hezi 57. Hayo ndiyo masafa (hezi za mlio) ambayo chumba chako kitayashabikia, yaani milio ya karibu na hapo itasikika mikubwa kuliko ilivyorekodiwa, au itapotea kabisa, kulingana na ulipokaa. Chumba cha mraba ndicho kisumbufu zaidi, kwa sababu urefu na upana vinaangukia mlio uleule na tatizo linajirudia juu ya lenyewe.

Kati ya ukuta na ukuta, katikati kabisa, mlio huo ulioupata kwenye hesabu hufa. Mteja mmoja aliniita akiwa na hakika sabufa yake imeungua. Chumba kilikuwa na urefu wa mita 5 na kochi lilikuwa katikati barabara, maana hapo ndipo lilipopendeza. Nikacheza mlio wa hezi 34 mfululizo, nikamwomba ainuke na kurudi nyuma polepole kuelekea ukutani. Hatua chache tu, akasimama, akaweka mkono kifuani, akanitazama. Sabufa ilikuwa inafanya kazi yake muda wote ule. Tulisogeza kochi nyuma likabaki kwenye theluthi moja ya chumba ukihesabu kutoka ukuta wa nyuma, na sikumuuzia kitu siku hiyo.

Basi kabla hujafikiria kununua, angalia kama kochi linaweza kusogea. Likwepe katikati ya chumba. Ukuta wa nyuma nao si pazuri, kwa kuwa hapo besi hurundikana na kuwa nzito kupita kiasi. Theluthi moja kutoka nyuma ni pa kuanzia pazuri.

Dukani

Ukishajua vipimo, jua pia kama chumba kimefungwa au kimeungana wazi na korido, ngazi na vyumba vingine. Sabufa haijazi sehemu yenye kochi peke yake. Inasukuma hewa yote iliyounganika na sehemu hiyo. Sebule ndogo yenye mlango unaofungwa inaridhika na sabufa ya inchi 10. Ileile ukiipeleka kwenye ukumbi ulio wazi pande mbili, itachoka.

Ukubwa wa koni, ile sehemu ya spika inayocheza mbele na nyuma, una maana kubwa, kwa sababu besi ni hewa inayosukumwa. Ili kutoa mlio wa hezi 20 kwa nguvu ileile ya hezi 40, koni inabidi isukume hewa mara 4 zaidi. Koni ya inchi 12 ina eneo linalozidi la inchi 10 kwa asilimia 44 hivi, na ya inchi 15 ina zaidi ya mara mbili ya inchi 10. Sabufa ndogo yenye koni ya inchi 6 inayojitangaza kufika hezi 20 inaweza kweli kufika, lakini kwa sauti ya chini mno kiasi kwamba haitakusaidia kitu wakati ndege inapopaa kwenye filamu. Ukisoma masafa kwenye karatasi ya vipimo, tafuta yaliyoandikwa pamoja na desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa mfano hezi 25 hadi 120 kwa kupishana desibeli 3. Namba ya masafa isiyo na desibeli ni maneno matupu.

Josef Hofmann, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, ameacha kanuni ambayo hakuna mtengenezaji aliyeikwepa: sanduku dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Katika hayo matatu utapata mawili. Ukiona sanduku dogo linaloshuka chini sana, ujue ndani yake kuna amplifaya (kikuza sauti) kubwa inayolipia udogo huo.

Sasa wati. Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kilele, nguvu ya kitambo kifupi mno. Unayoitaka wewe ni RMS, nguvu ambayo amplifaya inaihimili bila kukatika. Na hata hiyo isikupe wazimu. Kuongeza wati mara mbili kunaleta desibeli 3 tu. Kutoka wati 200 hadi 300 ni desibeli 1.8 hivi, tofauti ambayo utaisikia ukitega sikio hasa. Wati hamsini za ziada zisikufanye uache sabufa yenye koni kubwa na sanduku zito.

Sanduku lenyewe ni la aina mbili kuu: lililofungwa na lenye tundu la hewa. Lenye tundu hutumia hewa ya ndani kusaidia koni karibu na masafa fulani ambayo fundi ameyachagua, kwa hiyo linatoa kishindo kikubwa zaidi kwa umeme uleule. Ila chini ya masafa hayo sauti inaporomoka ghafla, kama desibeli 24 kila masafa yanapopungua nusu. Lililofungwa huanza kushuka mapema lakini taratibu, kama desibeli 12, na chumba kidogo chenyewe hulisaidia huko chini. Ushauri wangu: chumba kikubwa na mtu wa filamu za vishindo, chukua lenye tundu, mradi una nafasi, kwani masanduku hayo ni makubwa. Chumba kidogo, au mtu anayesikiliza muziki kama anavyotazama filamu, chukua lililofungwa. Ukijaribu lenye tundu dukani, weka mkono karibu na tundu na upandishe sauti. Upepo utakuwepo, hilo ni kawaida. Ukisikia linafukuta na kupuliza kama mtu anayezima mshumaa, liache.

Hakikisha pia ina amplifaya yake ndani, yaani inachomekwa kwenye umeme yenyewe. Tundu la waya wa sabufa kwenye risiva nyingi, yaani amplifaya kuu inayoendesha spika zako, linatoa ishara tu, halina nguvu ya kusukuma koni.

Na kama mfuko unaruhusu, mbili za wastani ni bora kuliko moja kubwa. Nalisema hili kila mara na sitachoka kulisema. Todd Welti wa kampuni ya Harman alilichunguza jambo hili na kutoa matokeo yake mwaka 2002: sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana hufanya besi ifanane kwenye viti vingi. Sababu ni kwamba kila moja inaujaza upungufu ambao nyingine imeuacha. Ukiwa peke yako kwenye kiti kimoja, moja inatosha ukiiweka vizuri. Ukiwa na familia kwenye makochi mawili, aliyekaa pembeni naye ana haki ya kusikia.

Kuitafutia mahali

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

Nyanyua sabufa uiweke kwenye kochi, palepale unapokaa. Kama ni nzito, sogeza kochi pembeni na uiweke sakafuni mahali lilipokuwa. Cheza kipande cha gitaa la besi ambalo noti zake zinapanda na kushuka moja moja, kijirudie. Sasa piga magoti. Tembea kwa magoti kuzunguka chumba kufuata kuta, kichwa kikiwa chini kwenye usawa ambao sabufa ingekaa, na usimame kila mahali ambapo unaweza kweli kuiweka. Sauti haijali inaanzia upande gani wa njia: utakachokisikia ukiwa pale kwenye kona, ndicho utakachokisikia kwenye kochi sabufa ikihamia kwenye kona hiyo.

Tega sikio kwa usawa wa noti. Usitafute mahali palipo na kishindo kikubwa kuliko pote, hilo ndilo kosa la kawaida. Utapita mahali noti moja inaruka na kukuzomea, mahali pengine noti mbili zinamezwa. Unapapata ambapo zote zinasimama kwa kimo kimoja, kila moja inaanza na kuisha bila kuburuza mkia. Bandika kipande cha karatasi hapo. Tafuta na pa pili, ikitokea pa kwanza pana mlango.

Kona hutoa sauti kubwa kuliko pengine popote kwa kuwa kuta mbili na sakafu vinaisukuma besi mbele, ila pia zinaamsha kila mvumo wa chumba. Wakati mwingine kusogea nusu mita kutoka kona kunatosha kuituliza. Usiogope kuiweka pembeni au hata nyuma kidogo. Chini ya hezi 80 sikio haliwezi kujua sauti inatoka upande gani, mradi sabufa haipigi kelele nyingine juu ya hapo.

Waya na mipangilio

Waya ni mmoja wa RCA, aina ya waya wa sauti, kutoka tundu la risiva lililoandikwa SUB OUT hadi tundu la sabufa lililoandikwa LFE, yaani chaneli ya besi ya filamu. Isipokuwa na LFE, tumia la kushoto, kisha zungusha kitufe cha krosova (kinachogawa masafa kati ya sabufa na spika) mpaka mwisho wa juu, kwa sababu risiva ndiyo itakayogawa masafa na hutaki yagawanywe mara mbili. Sauti ya sabufa iache katikati, na fezi, inayopanga sabufa isukume hewa kwa wakati mmoja na spika, iwe 0.

Kwenye risiva, weka spika zote kuwa Small hata kama ni ndefu kama wewe. Neno hilo halizidharau spika zako, linaiambia risiva tu ihamishie besi kwenye sabufa. Krosova anza na hezi 80. Spika zikiwa ndogo sana, za kuning'iniza ukutani, panda hadi 100 au 120. Chaneli ya LFE, ile .1 ya 5.1, ina mpangilio wake wa peke yake, na huo uwe hezi 120 maana chaneli hiyo hurekodiwa hadi hapo. Ukikuta chaguo la LFE+Main, liache limezimwa. Linapeleka besi ileile kwenye spika na kwenye sabufa, na matope ndiyo yanayotokea.

Kisha endesha kipimo cha sauti ya chumba kilichomo kwenye risiva yenyewe, Audyssey, Dirac au chochote ilichonacho. Maikrofoni isimame kwenye stendi kwa usawa wa masikio, isiegemee mto wa kochi. Zima feni. Nyamaza. Ikimaliza, angalia namba mbili. Ya kwanza ni kiwango cha sabufa: kikiwa kimefika mwisho wa chini kabisa, kitufe cha sabufa kilikuwa juu mno, kipunguze urudie. Ya pili ni umbali. Risiva ikisema sabufa iko mita 5 wakati futi inasema 3, usiibishie. Saketi za ndani ya sabufa huchelewesha sauti, na risiva inaufidia ucheleweshaji huo kwa kuandika umbali mrefu.

Fezi irekebishe kwa mkono, na mtafute mwenzako. Cheza mlio wa hezi 80, sabufa na spika za mbele zikiwa zinapiga pamoja. Wewe kaa kwenye kiti, mwenzako abadilishe swichi kutoka 0 hadi 180 na kurudi. Upande unaotoa sauti kubwa zaidi ndio sahihi, kwa sababu hapo sabufa na spika zinasukuma kwa pamoja. Kama ni kitufe cha kuzungusha, azungushe taratibu mpaka umwambie asimame.

Kwa kiwango cha sauti, kipima sauti cha mkononi kikiwekwa kwenye mipangilio iliyoandikwa C na Slow ndicho cha kuaminika: kelele ya majaribio ya risiva isome desibeli 75 kwa kila spika na kwa sabufa pia. Programu za simu zinadanganya kwenye besi, maana maikrofoni nyingi za simu hukata masafa ya chini. Baada ya kipimo, sikiliza mtu anayesoma habari, mwenye sauti nzito. Akisikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa, besi imezidi. Na ukiona besi inapotea unapotazama kwa sauti ndogo usiku, sabufa haina hatia. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huzidi kuwa zito kwa masafa ya chini kadiri sauti inavyopungua. Ongeza desibeli mbili tatu za sabufa kwa saa hizo, uzirudishe mchana.

Anayetaka kwenda mbali zaidi atafute maikrofoni ya kupimia na programu ya kompyuta ya REW, inayopima sauti ya chumba na inapatikana bure. Utaona mchoro wa chumba chako, vilele na mashimo. Vilele vipunguze kwa ekwalaiza (kirekebisha masafa), vinapungua vizuri. Mashimo yaache. Kujaza shimo kwa desibeli 10 kunadai nguvu mara 10 kutoka kwa amplifaya, na shimo litabaki palepale kwa sababu mawimbi yanaendelea kufutana. Shimo linatibiwa kwa kuhamisha sabufa, kuhamisha kochi, au kuongeza sabufa ya pili.

Kero zilizobaki

Mvumo usioisha hata filamu ikisimamishwa, mara nyingi ni mzunguko wa ethi (waya wa usalama wa umeme) kati ya vifaa. Chomeka sabufa na risiva kwenye soketi moja, kisha chomoa waya wa antena au kebo ya televisheni uone kama unanyamaza. Usikate wala kuziba pini ya ethi ya plagi, hata ukiambiwa na fundi. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Vitu vinavyogongana vitafute kwa mlio unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 120. Mtu mmoja anacheza, mwingine anatembea akigusa: fremu ya picha, kioo cha kabati, fimbo ya pazia, rimoti juu ya meza, kifuniko cha swichi ya ukutani. Ukigusa kitu na kelele ikakatika, umekipata. Kipande kidogo cha sponji nyuma ya fremu kinamaliza kazi.

Kwa jirani wa chini, pedi nene chini ya sabufa hupunguza mtetemo unaopita sakafuni, ila besi iliyokwisha ingia hewani itapenya ukuta. Masponji membamba ya kubandika ukutani hayaizuii: robo tu ya wimbi la hezi 40 ni zaidi ya mita 2. Risiva nyingi zina mpangilio wa usiku unaobana vishindo na kuinua mazungumzo, utumie. Na siku ukihamisha kochi, ukatandika kapeti nene au kuingiza kabati jipya, rudia kipimo chote tangu mwanzo.